Maneno Haya ni ya Nani?

Mwezi wa Oktoba mwaka 2012, wiki ya sita tangu nifike Minnesota, profesa wa semina yangu ya mwaka wa kwanza aliniita ofisini kwake, akaweka mezani vitu viwili: insha niliyomkabidhi siku chache kabla, na kitabu cha ufafanuzi wa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto (mwongozo wa maisha ya watawa Wabenediktini) ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekiazima maktabani na kukirudisha. Alikifungua pale alipokuwa ameweka kipande cha karatasi, akakisogeza kando ya insha yangu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Maneno haya ni ya nani?" Nilimjibu kwa furaha kwamba ni ya mwandishi wa kitabu, kwa sababu nilidhani ananipongeza kwa kusoma kwa makini hadi nikaweza kuyaandika kama yalivyo.

Hakuwa akinipongeza. Aya mbili nzima za insha yangu zilikuwa za mtu mwingine, na hakuna mahali nilipomtaja. Alinieleza taratibu kwamba huo ni wizi wa maandishi, kwamba ukirudiwa unamfikisha mwanafunzi mbele ya kamati, na kwamba wapo waliowahi kupoteza nafasi zao za masomo kwa jambo hilo. Niliposikia neno wizi nilishindwa kuzuia machozi. Katika maisha yangu yote sikuwa nimechukua hata kalamu ya mwenzangu, na sasa nilikuwa ninaambiwa kwamba nimeiba kwa kutumia njia ileile iliyonifikisha pale.

Nasema njia ileile kwa sababu katika shule ya sekondari niliyosoma, mwalimu aliandika notisi ubaoni, tukazinakili, tukazikariri usiku kwa usiku, na siku ya mtihani aliyezirudisha neno kwa neno ndiye aliyepata alama za juu. Kubadilisha maneno ya kitabu kulionekana kama kujifanya unajua kuliko aliyekiandika. Kwa hiyo kunakili kwangu kulikuwa, kwa namna nilivyofundwa, ni heshima. Profesa alinisikiliza nikieleza hayo kwa Kiingereza changu cha kukwamakwama, akanyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo nimeishi nalo tangu siku ile: kama kweli unamheshimu mtu huyu, mtaje jina, useme amesema nini, halafu utuambie wewe unaonaje, kwa sababu usipomtaja umemfuta. Akanipa siku saba niandike insha upya.

Niliporudi bwenini jioni ile sikufikiria heshima wala kufutwa. Niliogopa tu kurudishwa nyumbani.

Nilitoka Songea. Baba alikuwa na duka dogo la vifaa vya ujenzi, na alipopata habari kwamba nimepata ufadhili wa kusoma Marekani, aliwatangazia majirani kwamba binti yake anakwenda kusomea uhasibu. Chuo nilichokwenda ni College of Saint Benedict, kilichoanzishwa mwaka 1913 na masista Wabenediktini katika mji mdogo wa St. Joseph, nacho kinafundisha kwa pamoja na Saint John's University ya wamonaki wa Collegeville, iliyoanza mwaka 1857. Wakati wangu wanawake tuliandikishwa upande wa masista na wanaume upande wa wamonaki, lakini masomo yalikuwa ya wote, na mabasi yalitupeleka na kuturudisha kutwa nzima kati ya pande hizo mbili. Ufadhili ulilipa sehemu kubwa ya gharama. Iliyobaki niliitolea jasho katika maktaba ya Clemens, nikirudisha vitabu rafuni kwa saa kumi kila wiki.

Baba hakujua, wala mimi sikujua, kwamba katika vyuo vya namna hii hakuna anayesomea uhasibu peke yake. Elimu yake huitwa huria, si kwa maana ya Chuo Kikuu Huria chetu, bali kwa maana ya zamani ya Warumi, ya elimu inayomfaa mtu aliye huru. Mwanafunzi hupitishwa katika teolojia, falsafa, fasihi, sayansi, hisabati, lugha na sanaa, hata kama moyo wake wote uko kwenye vitabu vya hesabu. Katika muhula wa kwanza niliona kuwa huko ni kupoteza muda na fedha za watu. Nilimpigia Baba simu nikamwambia kwamba ninalazimika kusoma mashairi, naye akauliza kama ni adhabu.

Kitu kimoja tu hakikuwa kigeni kwangu, nacho ni kengele. Nilikua nikisikia kengele za Peramiho kila tulipokwenda kumtembelea Bibi, mama mzaa baba, ambaye nyumba yake haiko mbali na abasia ile iliyoanzishwa na Wabenediktini wa Kijerumani mwaka 1898. Nilipofika Collegeville kwa mara ya kwanza nikaona mbele ya kanisa ukuta mkubwa wa zege umesimama kama bendera, wenye kengele ndani yake, kazi ya msanifu Marcel Breuer iliyokamilika mwaka 1961, niliwaza kwamba haufanani hata kidogo na minara ya matofali ya kwetu. Lakini kengele zilipolia na wamonaki wakaanza zaburi za masifu ya jioni, upande mmoja ukiimba mstari na upande wa pili ukiupokea, nilijua ni lini wangeinama na ni lini wangekaa. Nilisafiri bara hadi bara nikakuta utaratibu uleule nilioujua nikiwa mtoto mgongoni mwa Bibi, na hilo lilinituliza kuliko maneno yote ya kukaribishwa niliyoambiwa.

Insha niliyotakiwa kuiandika upya ilihusu sura ya tatu ya Kanuni. Kanuni yenyewe ni fupi, sura 73 tu, nyingine zikiwa na mistari michache. Katika sura hiyo Benedikto anaagiza kwamba kila linapotokea jambo zito, abate, yaani mkuu wa monasteri, awaite ndugu wote, kwa sababu mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo zaidi lililo bora. Mara ya kwanza niliisoma sura hiyo kama mtu anayetafuta majibu ya mtihani. Mara ya pili, nikiwa na hofu na bila kitabu cha kunikinga, niliisoma polepole nikajikuta nabishana nayo. Kwetu tunasema penye wazee haliharibiki neno, na mtoto huketi pembeni akisikiliza. Benedikto hakatai hekima ya wazee. Uamuzi anamwachia abate, na sehemu kubwa ya kitabu chake ni juu ya utii. Lakini anataka sauti ya mdogo isikike kabla ya uamuzi. Niliandika kwamba sina hakika kama baraza la ukoo wetu lingeweza kufanya hivyo, nikaeleza kikao kimoja cha mahari nilichokishuhudia, ambacho bibi harusi ndiye pekee ambaye hakuulizwa. Ilikuwa kurasa nne tu, lakini kila sentensi ilikuwa na mwenyewe: hii ya Benedikto, hii ya mfafanuzi niliyemtaja kwa jina, hii yangu.

Profesa aliniomba niisome darasani. Semina zetu zilifanyika kuzunguka meza moja, watu kumi na sita, na tangu muhula uanze sikuwa nimefungua mdomo, si kwa kukosa la kusema bali kwa kusubiri kuulizwa. Siku hiyo nilizungumza, na aliyebishana nami kwa nguvu zaidi alikuwa kijana wa huko Minnesota, mtoto wa mkulima wa mahindi, aliyesema kwamba katika familia yao pia mdogo haulizwi kuhusu shamba. Tulibishana hadi kwenye chakula cha jioni. Ulikuwa mwanzo wa usomi wangu, ingawa siku ile sikujua kuuita hivyo.

Miaka miwili iliyofuata nitaipita haraka. Uhasibu niliuacha katika mwaka wa pili, nikahamia historia, na Baba hakuzungumza nami kwa wiki tatu. Baridi ilishuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, ziwa Sagatagan likaganda hadi watu wakatembea juu yake, nami nikazoea. Nilijifunza pia desturi moja ya sura ya 48, kwamba mwanzoni mwa Kwaresima kila mmonaki apewe kitabu kimoja akisome chote kwa mfululizo, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sisi wanafunzi tulikuwa tumezoea kuokota sura mbili hapa na kurasa kumi kule, tukaziita tumesoma. Nilianza kuifuata desturi ile kila Kwaresima, na bado ninaifuata.

Kilichonigeuza kabisa kilikuwa ziara ya darasa letu katika maktaba ya miswada, yaani vitabu vilivyoandikwa kwa mkono, ya Saint John's, inayoitwa kwa jina la Hill. Wamonaki waliianzisha mwaka 1965, wakati wa Vita Baridi, wakihofia kwamba vita vya nyuklia vingeteketeza maktaba za kale za Ulaya kama mabomu yalivyoiteketeza abasia ya Monte Cassino mwaka 1944. Waliazimia kuipiga picha miswada pale pale ilipo na kuhifadhi nakala katika filamu mbali na vita. Walianza na monasteri za Austria. Mwaka 1973 wakageukia Ethiopia, na kazi hiyo ikaokoa nakala za miswada zaidi ya 9,000 katika miaka ambayo nchi ile iliingia katika mapinduzi na damu. Mwaka 2013, nikiwa mwanafunzi, maktaba hiyo ilianza kushirikiana na watu wa Mali waliokuwa wameihamisha miswada ya Kiislamu kutoka Timbuktu hadi Bamako ili kuiepusha na wapiganaji. Kwamba wamonaki Wakatoliki wa kijiji cha Minnesota walihangaika kuhifadhi vitabu vya fikihi vya Timbuktu ni jambo ambalo ninalieleza kwa kujivunia kila ninapopata nafasi.

Aliyetuongoza alitutajia jina la Getatchew Haile. Alikuwa msomi wa Kiethiopia na mbunge. Mwaka 1975 wanajeshi wa Derg, utawala wa kijeshi wa Ethiopia, walikwenda kumkamata nyumbani kwake, akapigwa risasi iliyomfanya apooze miguu. Mwaka uliofuata alifika Collegeville, na akiwa kwenye kiti cha magurudumu aliketi na filamu zile kwa miongo kadhaa, akisoma mswada mmoja baada ya mwingine wa Kige'ez, lugha ya kale ya Ethiopia, na kuandika ni nini, umeandikwa lini, na nani aliyeuandika. Mwaka 1988 alipewa tuzo ya MacArthur. Alifariki mwaka 2021. Sikubahatika kuketi naye, lakini orodha zake nilizishika mikononi, juzuu nene zenye maandishi madogo, na nilipozifungua niliona kazi ambayo hakuna anayeishangilia: mistari na mistari ya kusema kitu hiki ni cha nani.

Siku hiyo tulionyeshwa pia picha ya ukurasa wa mwisho wa kitabu kimoja cha sala. Mwandishi aliyekinakili kwa mkono alikuwa ameweka maneno machache chini, akijitaja jina na kumwomba kila atakayesoma amkumbuke mbele ya Mungu. Tuliambiwa kwamba waandishi wengi wa Kiethiopia walifanya hivyo. Nilikumbuka swali la profesa wangu. Yule mnakili alikuwa amekesha juu ya maneno ambayo hayakuwa yake, akayaandika neno kwa neno kama nilivyofanya mimi, lakini hakumficha mtungaji wala hakujificha yeye. Alijua tofauti ya kunakili na kuiba karne nyingi kabla ya kamati za vyuo. Wamonaki nao, kila siku, husoma majina ya ndugu zao waliofariki tarehe kama hiyo katika miaka iliyopita. Nilianza kuona kwamba kutaja vyanzo, kazi ambayo wanafunzi wote tuliiona kama usumbufu wa koma na mabano, ni jamaa wa karibu wa sala hiyo.

Mwaka wa tatu, nikipanga vitabu rafuni, nilikutana na kitabu cha John Iliffe kuhusu historia ya Tanganyika, kilichotoka mwaka 1979. Nilitafuta sura ya Vita vya Majimaji, kwa sababu mimi ni wa Songea, na hakuna mtoto wa Songea asiyejua kaburi la halaiki la mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Kila tarehe 27 Februari tulipelekwa pale makumbusho tukiwa na sare za shule. Sura yenyewe niliisoma kwa hamu, lakini nilichotoka nacho kilikuwa katika tanbihi. Iliffe alikuwa akitaja tena na tena karatasi za mradi mmoja wa utafiti wa Majimaji wa mwaka 1968. Niliziagiza kwa njia ya kuazimana kati ya maktaba na maktaba, pamoja na kitabu cha O. B. Mapunda na G. P. Mpangara kuhusu vita hivyo katika Ungoni, kilichochapishwa mwaka 1969.

Vilipofika sikulala. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Dar es Salaam, wakati huo ikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, iliwatuma wanafunzi wake vijijini wakawahoji wazee waliokuwa bado na kumbukumbu ya vita vile. Vijana wa umri wangu, wenye majina ya kwetu, walikuwa wamekaa kwenye vigoda na wazee wa Ungoni wakaandika nani kasema nini, miaka mingi kabla sijazaliwa, na mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita Songea bila kusikia habari zao. Nilisoma kwamba makadirio ya serikali ya Kijerumani yalikuwa watu 75,000 waliokufa, ilhali Gilbert Gwassa, aliyekuwa miongoni mwa watafiti wa mradi huo, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa baada ya askari kuchoma mashamba na maghala. Katika notisi zetu za sekondari kulikuwa na tarakimu moja tu, haina mwenyewe, nami niliikariri kama kweli. Hapo ndipo nilipoelewa hasara ya notisi zisizo na majina: hata kama hazikudanganya, zilitunyima haki ya kuuliza nani alihesabu, na kwa nini alihesabu hivyo.

Tasnifu yangu ya mwaka wa mwisho ikawa juu ya njaa hiyo kama ilivyokumbukwa katika familia za karibu na Peramiho. Likizo ndefu nilirudi nyumbani na kinasa sauti. Nilimkuta Bibi amekaa uani akipepeta mahindi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kunisomesha au kunisalimia?"

Nilimwambia nimekuja kusoma kwake. Alicheka, akaendelea kupepeta, na kwa siku mbili hakuzungumzia lolote ila bei ya mbolea. Siku ya tatu alianza mwenyewe. Alisimulia jinsi mama yake, akiwa mtoto wa miaka kama sita, alivyofichwa na wazazi wake msituni, walivyochimba mizizi ya porini na kuichemsha mara tatu ili kuondoa uchungu, na jinsi mdogo wake wa kiume alivyokufa njiani wakati wa kurudi, akazikwa bila jembe. Alisema pia kwamba misheni ya Peramiho ilichomwa moto katika vita hivyo, na kwamba baadaye ukoo wetu ulibatizwa na hao hao wamisionari. Nilimuuliza mambo hayo mawili yaliketije katika nyumba moja. Alifikiri kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba mama yake alisali kila asubuhi na hakuwahi kusahau, na kwamba yeye hakuona kuwa kimoja kinafuta kingine.

Jibu hilo nimelibeba hadi leo. Mimi ni Mkatoliki, nilisomeshwa na Wabenediktini, na katika tasnifu ile nililazimika kuandika kuhusu wamisionari waliokuja chini ya kivuli cha dola la Kijerumani. Nilitarajia kwamba mshauri wangu wa masomo, mtu wa sala, angeniomba nilainishe maneno. Aliniomba vyanzo. Kila nilipoandika jambo zito pembeni aliandika kwa penseli swali lilelile, nani kasema, na pale nilipokuwa na jibu aliliacha jambo lisimame kama lilivyo. Ninawashukuru walimu wa chuo kile kwa mambo mengi, lakini zaidi kwa kuamini kwamba imani haihitaji kulindwa dhidi ya ushahidi.

Nilihitimu mwaka 2016. Sasa ninafundisha historia sekondari, katika mkoa niliozaliwa, darasa la wanafunzi zaidi ya hamsini ambalo haliwezi kukaa kuzunguka meza moja. Siwezi kuacha kuandika ubaoni, kwa kuwa vitabu havitoshi, lakini kila notisi ninayoandika ina jina la aliyesema pembeni, hata kama jina hilo ni la mwalimu wao. Mwanzoni waliuliza kama majina hayo yatatoka kwenye mtihani.

Nakala moja ya tasnifu ilibaki Minnesota, nyingine nilimletea Bibi. Alikuwa amepungua macho, lakini aliishika, akaipima uzito mikononi, akaniomba nimwonyeshe alipo yeye. Nilifungua ukurasa wa tanbihi ya kwanza nikaweka kidole chake juu ya jina lake. Akakiacha pale kwa muda. Kisha akaniomba nimsomee yote yaliyotoka kwake, nami nikasoma kwa Kiswahili yale niliyoyaandika kwa Kiingereza: msitu, mizizi, mtoto aliyezikwa bila jembe. Nilipomaliza alitikisa kichwa.

"Haya si yangu," alisema. "Mimi nimeyasikia kwa mama. Mama yuko wapi humu?"

Hakuwamo. Katika tasnifu nzima nilikuwa nimemwita mama wa msimuliaji. Bibi alinitajia jina lake, la Kingoni kwanza na la ubatizo baadaye, akanihimiza niliandike pale pale. Sitaliandika hapa, kwa sababu aliniruhusu kuliweka katika tasnifu tu. Nilichukua kalamu ya wino, nikaliandika kando ya tanbihi huku yeye akisikiliza mkwaruzo wa kalamu juu ya karatasi, na wiki iyo hiyo nilituma barua maktabani Clemens, nikiwaomba waliongeze katika nakala yao.